Wenyeji wa Miezi Minane

Vitabu vya ndege wa Afrika Mashariki vimezoea kulibandika kundi kubwa la ndege wa pwani jina moja: wageni wa majira ya baridi. Baridi ipi? Januari katika hori ya Mida, kusini kidogo ya Watamu, kaskazi inavuma, tope linameta kwa jua, na anayevaa shati la mikono mirefu amelivaa asiungue. Baridi yetu sisi inaitwa kipupwe. Huja Juni ikaisha Agosti, nao wengi wa ndege hao wakati huo hawapo. Jina hilo la vitabuni limetoka kwa watu ambao kwao ndege hawa hutoweka Oktoba na kurudi Mei, na aliyebaki nyumbani akiona pengo humwita aliyeondoka msafiri. Kosa si kubwa kwa jina lenyewe. Kubwa ni lile linaloletwa na neno “mgeni”. Mgeni hupewa siku zake, hukarimiwa, kisha hutarajiwa aende, na chumba alicholala kikigeuzwa ghala hana la kudai. Ninachotaka kuonyesha katika sura hii ni kwamba ndege hao ni wenyeji wa matope ya pwani yetu kwa kipimo chochote cha maana, kwamba wanapokuwa hapa wako kazini, na kwamba namna ya kuwatazama, kwa kayaki au kwa miguu, inapaswa kuanzia hapo.

Tuanze na mahali penyewe. Mida ni mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, wenye ukubwa wa kilomita za mraba 32 hivi, mlango mwembamba na tumbo pana. Haupokei mto wowote mkubwa, kwa hiyo kinachouendesha ni bahari tu: maji kujaa na maji kupwa, mara mbili kwa siku. Ukingoni imesimama mikoko, mchu na mlilana, na katikati, maji yakitoka, hubaki uwanda wa tope na mchanga ambao mpita njia huuona mtupu. Sehemu hii imo katika hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyotangazwa mwaka 1968. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya pwani hii hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Wakati wa maji mafu mpangilio hugeuka. Ndani ya hori saa huchelewa kidogo, kwa kuwa maji yote lazima yapite mlango ule mwembamba. Wavuvi huijua ratiba hii bila kuiandika. Ndege nao hula kwa ratiba hiyohiyo, usiku na mchana, na hulala maji yanapowanyima nafasi, jua liwe limechomoza au la.

Sasa tuhesabu miezi, maana hoja ya uwenyeji huanzia kwenye hesabu. Mchukue kitwitwi mmoja mdogo mwenye mdomo mweusi uliopinda kidogo kwenda chini, yule ambaye wanasayansi humwita Calidris ferruginea. Uzito wake haupiti sana ule wa yai la kuku. Huzaliana katika tundra ya kaskazini ya Siberia, hasa rasi ya Taimyr, zaidi ya kilomita 9,000 kutoka Mida. Hufika huko mwanzoni mwa Juni, theluji ikianza kuyeyuka. Dume hupanda, na jike akishaanza kuatamia, dume huondoka. Mwishoni mwa Juni au mapema Julai keshaanza safari. Malezi yote humwangukia mama. Dume huyo amekaa mahali panapoitwa kwao mwezi mmoja hivi. Agosti madume ya kwanza yanaonekana pwani ya Afrika Mashariki, majike yanafuata, kisha Septemba na Oktoba wanakuja vijana waliozaliwa mwaka huohuo. Wataondoka Aprili, wengine mwanzoni mwa Mei. Toa miezi ya njiani, na bado hori kama Mida inabaki na miezi minane ya maisha ya ndege huyu, kila mwaka. Mtu anayekaa mtaani miezi minane kila mwaka, akaenda shamba mwezi mmoja, sisi hatumwiti mgeni wa mtaa.

Miezi hiyo pia si ya kupumzika. Baada ya kufika, ndege wazima hubadili manyoya ya mabawa, moja baada ya jingine kwa mpangilio, kazi inayochukua miezi kadhaa. Unyoya ni protini, na protini hiyo hutoka kwa kaa, minyoo na konokono wa tope la hapa. Bawa litakalompeleka Siberia mwezi wa Aprili limefumwa Mida, na lile alilojia lilifumwa msimu uliopita, kama si Mida basi katika tope jingine la Afrika. Kisha huja kazi ya mafuta. Katika wiki za mwisho kabla ya kuondoka, ndege wa matope wanaosafiri mbali hula mpaka baadhi yao hukaribia uzito maradufu, na katika spishi zilizochunguzwa imeonekana kwamba matumbo na viungo vingine vya kusagia chakula hunywea kabla ya safari ndefu, ili mzigo upungue. Mwaka 2022 kijana mmoja wa jamii ya sululu, mwenye kifaa cha setilaiti mgongoni, alitoka Alaska akatua Tasmania baada ya siku 11 bila kugusa ardhi, kilomita 13,560. Safari za namna hiyo huanza na matope, mahali ambapo mafuta yaliwekwa.

Pingamizi la kwanza ni zito kwetu kuliko kwa Mzungu, maana limo ndani ya lugha: kwao mtu ni pale kilipozikwa kitovu chake. Yai lilitagwa Taimyr, kifaranga akatembea Taimyr, basi kwao ni Taimyr na kwetu ni kwa shemeji. Hoja hii ina nguvu, ila ndani ya hori hiyohiyo yumo ndege anayeitia ufa. Ni Dromas ardeola, mweupe kwa mweusi, mwenye miguu mirefu ya rangi ya kijivu na mdomo mnene mweusi kama koleo, mlaji wa kaa. Nitamwita mla-kaa, kwa kuwa ndivyo alivyo. Huzaliana visiwani na pwani za Ghuba, Oman, Bahari ya Shamu na Somalia, wakati wa kiangazi kikali cha huko. Huchimba shimo refu mchangani, akataga yai moja jeupe, na joto la ardhi likamsaidia kuatamia. Miongoni mwa ndege wa matope ni yeye pekee mwenye desturi hiyo. Kitovu chake, kwa hiyo, kimezikwa kwelikweli. Lakini kifaranga akishapata mabawa na familia ikahamia kusini, wazazi huendelea kumlisha kwa miezi. Ndege mkubwa kama mama yake, mwenye kijivu mgongoni kinachomfichua kuwa bado mtoto, hutembea nyuma ya mzazi katika tope la Kenya akilialia, na mzazi akikamata kaa humkabidhi. Waswahili husema kuzaa si kazi, kazi kulea. Kwa kipimo hicho mla-kaa amezaliwa Ghuba, na shule yake ni huku.

Mtu anaweza kuniambia nimechagua mfano unaonipendelea, na ni kweli. Vitwitwi wa Siberia hawalei huku. Vijana wao hufika peke yao, bila mzazi wa kuwaonyesha njia, jambo ambalo mimi naliona la ajabu kuliko umbali wenyewe. Hata hivyo jamii ya pwani haijawahi kuupima uwenyeji kwa kuzaliwa tu. Kwa karne nyingi majahazi ya Oman na Ghuba yalishuka na kaskazi yakapanda na kusi, na kati ya pepo hizo mbili watu walipanga nyumba, walioa, walifungua maduka, wakawa na watoto wa Lamu na Mombasa. Tahadhari moja tu katika mfano huu, kwa sababu watu hupenda kuunyoosha kupita kiasi: ndege hawafuati kalenda ya majahazi. Mla-kaa na vitwitwi huanza kufika Agosti, kusi bado ikivuma usoni mwao, miezi mitatu au minne kabla kaskazi haijatulia. Wanapuruka dhidi ya upepo ambao nahodha yeyote angeusubiri upite. Tena si wote wanaokuja. Pale Bar al Hikman, kwenye pwani ya Oman, hubaki ndege wa matope wapatao nusu milioni msimu mzima, wakiwemo maelfu ya mla-kaa. Ndugu wamegawana: wengine Oman, wengine Kenya, wengine Madagaska. Nani kati yao ni mgeni, na wa nani?

Kazi yenyewe inafaa kuonwa kwa karibu. Sululu mwenye mistari miwili ya giza kichwani husimama juu ya tope maji yakiwa yametoka muda si mrefu. Mdomo wake ni mrefu na umepinda chini, na jina lake ni lilelile tunaloita chombo cha kuchimbia mawe. Atazamaye mdomo huo hahitaji kuelezwa zaidi. Mbele yake kuna mashimo mengi ya kaa wadogo, wale ambao dume lao lina gando moja kubwa na jingine la kitoto. Kaa wakihisi kishindo huzama. Sululu hasogei. Baadaye huuingiza mdomo katika shimo, na kwa kuwa shimo nalo halikuchimbwa wima, mpindo wa mdomo hufuata mpindo wa shimo. Huvuta, hutoka na kaa aliyejaa tope. Humtikisa mpaka miguu na gando vinaruka huku na huku, wakati mwingine humpeleka kwenye kidimbwi akamsuuza, kisha humeza. Hatua chache kutoka hapo yuko chekeamwezi mmoja wa kijivu mwenye mdomo uliopinda kwenda juu na miguu ya rangi ya chungwa. Huyu hasubiri chochote. Hukimbia amejiinamia, akigeuka ghafla kama mtu aliyesahau kitu, akimkimbiza kaa juu ya uso wa tope kabla hajafika mlangoni kwake. Na mla-kaa hufanya yote mawili polepole, halafu humpasua kaa mkubwa kwa mdomo ule wa koleo. Ndege watatu, kaa wale wale, ila saa ya kukamatwa na mahali pa kukamatwa ni tofauti. Uwanda ulioonekana mtupu umegawanywa kama soko la samaki saa ya mnada.

Hapa ndipo swali la kayaki na miguu linapoingia, nalo linahusu ukweli wa kile unachokiona. Anayetembea huona ndege wakila. Saa nne asubuhi ya bamvua, tope limefunuka lote, na mguu unafika mahali ambapo chombo kingekwama. Lakini ndege wametawanyika, wengine umbali ambao hata darubini nzuri huwafanya nukta zinazotetemeka kwa mvuke wa joto, na tope lenyewe huchagua pa kukuruhusu. Kando ya mikoko hunasa mguu mpaka gotini. Anayepiga kafi huona jambo jingine. Saa kumi jioni ya siku hiyohiyo maji yamejaa, uwanda umezama, na maelfu ya ndege waliokuwa wametawanyika wamebanwa kwenye vijisehemu vichache: ulimi wa mchanga, ukingo wa mikoko, matawi ya mchu. Wamejipanga bega kwa bega, mguu mmoja, mdomo umefichwa mgongoni. Hapo ndipo panapohesabika. Kwa hiyo aliyetumia miguu tu atakwambia ndege wanakula wapi lakini idadi yake itakuwa pungufu, na aliyetumia kayaki tu atakuletea idadi bila kujua chakula chao kiko upande gani wa hori. Bamvua huwapa wote wawili nafasi ndani ya siku moja, miguu asubuhi na kafi jioni, na sioni sababu ya mtu mzima kuchagua upande kama wa mpira.

Wapo wanaosema kayaki ni mchezo wa watalii, na kwamba mtumbwi na pondo vimeifanya kazi hiyo karne nyingi. Kwa mtumbwi sina ubishi. Mwenye mtumbwi na autumie. Lakini historia ya kayaki inatufaa kwa sababu nyingine. Chombo hiki kilibuniwa na watu wa Aktiki, Wainuti na jirani zao, fremu ya mti wa kuokotwa ufukweni au ya mfupa, ikafunikwa ngozi ya sili. Ni watu wa nchi zilezile za tundra ambako ndege wa matope hutaga. Na walikibuni kwa ajili ya kuwinda: kifupi kwa kimo, kimya, kinachoweza kumkaribia sili bila kumshtua. Leo kinasifiwa katika matangazo ya utalii kwamba hakisumbui ndege kwa kuwa hakina injini. Sifa hiyo naikubali nusu tu. Boti ya injini husikika mapema, na hufuata mkondo wenye kina. Ndege wa ukingoni hujua itapita wapi. Kayaki haihitaji kina. Hupenya kwenye maji ya kufika magotini, hukata kona ya mikoko bila sauti, na ghafla mtu ametokea mita chache kutoka kwa ndege waliolala. Kwao ukimya huo una maana ileile uliyokuwa nayo kwa sili. Mwenye kayaki anayetaka kuona na kuacha kama alivyokuta hukaa katikati ya mkondo, huja kutoka upande ulio wazi ambako ataonekana mapema, halafu huweka kafi mapajani na kuyaachia maji yamsogeze. Ndege mmoja akitoa mdomo mgongoni, akainua shingo, ni ishara ya kusimama. Wakianza kutembea wote upande mmoja, umeshachelewa.

Anayetembea ana adabu yake, fupi zaidi: asiende kwa ndege, awaache waletwe. Maji yakianza kujaa huwasukuma kuelekea ufukweni hatua kwa hatua, na aliyekaa mahali pamoja tangu mapema, kwenye kivuli cha mkoko au katika kibanda kilicho mwisho wa daraja la kamba linalopita juu ya mikoko pale Mida, huwapata karibu kuliko aliyewafuata kwa saa mbili. Daraja hilo, nitaje kwa kupita, mapato yake husaidia karo za wanafunzi wa familia zinazoishi kando ya hori na msitu wa Arabuko-Sokoke. Na kwa wote wawili, wa miguu na wa kafi, Aprili si mwezi wa kujaribu bahati. Ndege aliyerushwa Desemba amepoteza dakika za kulala. Aliyerushwa mara tano kwa siku katikati ya Aprili ameunguza mafuta aliyoyapima kwa safari, na kilomita zilizopungua hazirudishwi angani.

Pingamizi la pili hutoka kwa watu wa hori wenyewe, na lina haki ya kujibiwa bila dharau. Mama anayechimba chambo, kijana anayetega kaa wa kuuza hotelini, mvuvi wa nyavu: wote wanalitumia tope hilohilo, na kila mara neno “hifadhi” lilipotamkwa pwani, mara nyingi lilifuatwa na mtu kukatazwa. Ukisema ndege ni wenyeji, je, binadamu wamekuwa wapangaji? Nadhani swali hili hupoteza makali yake likiwekwa mbele ya vipimo. Mtu na ndoo yake hulitumia tope saa chache, maji yakarudi, na kesho tope lipo. Hori yenye mikoko hai na tope hai ndimo samaki wengi wa mwambao hukulia utotoni, kwa hiyo mvuvi na sululu wanataka kitu kimoja: maji yaendelee kuingia na kutoka. Adui wa wote wawili ni ukuta. Mwaka 2006 Korea Kusini ilifunga pengo la mwisho la ukuta wa bahari wa Saemangeum, kilomita 33, na uwanda mkubwa wa tope ukaacha kupata maji ya bahari kama zamani. Walioathirika walikuwa wawili kwa pamoja, waokota chaza wa vijiji vya hapo na ndege wa matope waliokuwa wakipitia kujaza mafuta. Mashamba ya chumvi kaskazini ya Malindi, upande wa Gongoni, yanatatiza hoja yangu kidogo, na ni vizuri kukiri. Nayo ni kuta na mabwawa, lakini ndege huyatumia sana kulia na kulala maji yakijaa. Tofauti ni kwamba bwawa la chumvi humsaidia ndege mradi uwanda wa asili upo jirani. Lenyewe peke yake haliwezi kulisha wote.

Hapo huja pingamizi la tatu, ambalo watu wa mipango ya majengo hulipenda: ndege wana mabawa, tope likizibwa watahamia jingine. Saemangeum ilikuwa jaribio la wazi la dhana hiyo, na jibu likaja baya. Makumi ya maelfu ya ndege wa spishi moja ya vitwitwi wakubwa waliokuwa wakitua pale hawakuonekana wakiongezeka katika matope ya jirani. Idadi ya jumla ilishuka. Maelezo yake hayana fumbo. Tope jingine nalo lina wenyewe, na kaa wake wanatosha midomo iliyopo. Kuhusu mwisho wa njia hii tunao mfano ulio karibu nasi zaidi, katika bara letu. Sululu mwenye mdomo mwembamba, Numenius tenuirostris, alikuwa akitaga Siberia na kukaa majira ya baridi katika maeneo ya maji kandokando ya Mediterania. Mara ya mwisho kuonekana bila ubishi ilikuwa Februari 1995 huko Merja Zerga, bwawa la pwani la Moroko. Watu waliendelea kumtafuta miaka thelathini, na mwaka 2025 akatangazwa rasmi kuwa ametoweka duniani. Uwindaji, kukaushwa kwa mabwawa na kulimwa kwa nyika alikotagia vyote vimetajwa, na hakuna anayeweza kugawa lawama kwa asilimia. Kinachonigusa ni mahali pa mkutano wa mwisho. Kiota chake hakikuwa kimeonwa na mtaalamu tangu miaka ya 1920. Dunia ilimjua kwa kumwona Afrika na Ulaya ya kusini, kule alikokuwa akiitwa mgeni.

Uwenyeji huu unatambuliwa kisheria zaidi kuliko inavyosikika mitaani. Mkataba wa kulinda ndege wa maji wanaohama kati ya Afrika, Ulaya na Asia ulifikiwa The Hague mwaka 1995, na Kenya na Tanzania zimo. Kwa mkataba wa Ramsar, eneo la maji linalobeba mara kwa mara asilimia moja ya ndege wote wa jamii moja lina sifa ya kutambuliwa kimataifa, ndege hao wawe wanataga hapo au wanakula tu. Rufiji, Mafia na Kilwa ziliingia orodhani mwaka 2004, delta ya Tana mwaka 2012. Na kila Januari, tangu mwaka 1967, watu hutoka katika nchi nyingi kuhesabu ndege wa maji kwa wakati mmoja. Hesabu hiyo ina faida isiyotarajiwa. Vitwitwi wa Taimyr hupata vifaranga wengi miaka ile lemingi, panya wa tundra, wanapokuwa wengi, kwa sababu mbweha hushiba lemingi. Lemingi wakiadimika, mbweha huligeukia yai na kifaranga. Watafiti wa Afrika Kusini waliona mawimbi hayo kwenye matope yao kwa kuangalia idadi ya vijana katika makundi. Mwenye darubini Mida mwezi wa Novemba, akiweza kutofautisha unyoya wa kijana na wa mzima, anasoma habari za panya wa Siberia.

Lakini hesabu ya Januari ina tundu, na tundu hilo lina umbo la kalenda ya Ulaya. Aprili wazima wakiondoka, vijana wengi wa mwaka wa kwanza hawaendi. Safari ya kwenda tundra bila nguvu ya kuzaliana ingekuwa hasara, basi hubaki: vitwitwi wa mdomo uliopinda, sululu, mla-kaa wachache, wakiwa na manyoya yao ya kijivu wakati wenzao wamevaa wekundu wa arusi huko kaskazini. Mei, Juni na Julai wanakula Mida, bahari imechafuka kwa kusi, watalii wamekwenda zao na kayaki zimeegeshwa ufukweni chali. Vitabu havina jina la msimu huo kwa ndege hawa. Kwetu ni kipupwe, na asubuhi yake mvuvi hutoka na koti.